Tonge la Kwanza

Jumanne, 1 Julai

Mkono umezama tena. Leo ni mkono wa kushoto, wa yule nyanya wa katuni, bibi mwenye mvi. Aliunyoosha amshike Bonge, na kabla hajamgusa vizuri vidole vikaanza kuyeyuka, vikavutika kama kamasi la mtoto, vikaingia. Kisha kiganja. Nyanya akabaki na kisiki kinachoota ugali.

Nimefuta. Nimerudia. Umezama.

Bonge ni bonge la enyasa, ugali wetu wa muhogo na mtama, ule wa rangi ya udongo unaong'aa ukigeuzwa kutoka kwenye kibuyu. Kwenye katuni yetu ana macho na miguu, na anatoroka sahani kila anapoona mikono michafu. Shirika fulani linataka watoto wa kambi za wakimbizi za Omugo wajifunze kunawa. Wazo si langu. Langu ni mwili wake.

Na mwili wake uko hivi. Ngozi siichongi. Naweka vidonge hewani, vingi, na kila kidonge kina nguvu inayofifia kadiri unavyokwenda mbali nacho. Kompyuta inajumlisha nguvu zote. Pale jumla inapofika kiwango nilichochagua, hapo ndipo ngozi ilipo. Hakuna aliyeichora. Inatoka kwenye hesabu, na vidonge vikisogea ngozi inafuata. Vikibanwa inabonyea, vikitawanyika inavutika, inakatika. Kwa kitu cha kufinyangwa hakuna njia nzuri kuliko hii. Ubaya wake ni mmoja. Vidonge vikikaribiana vinaonana ndugu. Vinamezana, na haviulizi hiki ni chakula au ni kidole.

Tangu mwaka jana nayatazama haya, asubuhi mpaka jioni. Mchana sikula.

Alhamisi, 3 Julai

Acidri, mwenye studio, alisimama nyuma ya kiti changu akitafuna. Kila saa anatafuna. Aliona mkono ukizama, akacheka mpaka makombo ya sambusa yakaniangukia begani.

"Hiyo iko sawa! Wacha hivyo. Watoto watacheka."

Nikamwambia hilo ni kosa, si kichekesho. Akasema kosa likichekesha si kosa tena. Kisha akajifuta vidole kwenye mgongo wa kiti changu. Namchukia mtu huyu saa zote za kazi. Jioni namsahau.

Mchana nilikwenda kwa mama wa chakula, pale karibu na shule za misheni. Nikakaa, nikanawa. Akaleta enyasa na bamia. Nikaona uzi wa bamia ukitoka kwenye sahani ya jirani yangu mpaka mdomoni mwake. Ukawa mwembamba katikati, ukanenepa kwenye ncha, ukakatika. Nusu ikarudi sahani, nusu ikarukia kidevu. Najua hesabu ya uzi ule. Ningeweza kumwandikia pale mezani. Nikatoka, nikatapika nyuma ya kibanda cha bodaboda. Hata tonge sikuwa nimeshika.

Siku hizi nakula vitu vyenye mpaka. Mahindi ya kuchoma. Karanga. Mkate mkavu. Ndizi kwa shida. Mwanamume mzima, na ndevu, naogopa ugali.

Haya nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu ofisini wote wanakizungumza na hakuna anayekisoma kwa raha. Mimi ni mtoto wa kambi ya jeshi, Kiswahili cha mdomoni nimekulia nacho. Cha vitabu nilikipata Nairobi, nilikosomea kazi hii. Acidri akiona kurasa hizi atadhani ni sala.

Ijumaa, 4 Julai

Kesho Koboko. Keji amenikumbusha tena na tena kana kwamba nitasahau. Ni mchumba wangu, anafundisha chekechea hapa hapa Mvara, mjini Arua, na kesho ni mara yangu ya kwanza kula kwa mama yake. Kuonana tumeonana. Kula bado, na kwao kula ndiko kuonana.

Leo ameniambia lile ambalo hakuwahi kulisema lote. Baba yake alikufa ghafla, jioni, baada ya chakula. Moyo, daktari alisema. Lakini Duku, mdogo wa marehemu, alisimama msibani akasema mbele ya watu kwamba shemeji yake anajua mchuzi ule ulikuwa na nini. Basi. Hakusema zaidi, wala hakuhitaji. Tangu siku hiyo wako watu mtaani kwao wanaomsalimia Mama Keji vizuri sana, wanakalia viti vyake, wanasifu maua yake, na hawatii kitu chake mdomoni. Huku kwetu mwanamke akishapakwa jina la sumu halitoki kwa sabuni. Anauza odi sokoni, ile siagi ya karanga na ufuta. Ilichukua miaka wateja kurudi.

"Wewe kula tu," Keji alisema. "Hata kama iko na chumvi mingi. Kula, umalize."

Nikasema nitakula. Habari ya bamia sikumwambia. Ningeanzia wapi? Aibu ilinikaba kabla ya ugali.

Jumamosi, 5 Julai

Nimeharibu.

Naandika kwenye nyumba ya wageni, Koboko. Mikono inanuka sabuni. Nimeinawa mno kwa mtu ambaye hakula.

Walitutandikia mkeka sebuleni, wanaume peke yetu. Duku, shati jeupe, saa kubwa, harufu ya mafuta ya nywele. Majirani kadhaa. Mimi. Kwao mama mkwe hakai mahali mkwe anapokula. Ni heshima. Kwa hiyo nilimwona mikono tu, ikipitisha sinia chini ya pazia la jikoni. Mikono midogo, kucha fupi, safi kuliko yangu.

Enyasa ilikuwa ya kupigiwa picha. Duara, laini, inatoa mvuke. Bamia yenye odi pembeni. Mzee mmoja akaomba, tukanawa, wakasema mgeni aanze.

Nikanyoosha mkono. Vidole vikagusa. Ilikuwa ya moto, ikabonyea, na ilipobonyea ikapanda kidogo kandokando ya vidole vyangu. Hivyo hivyo inavyopanda kwenye skrini kabla ya kumeza. Mkono ukarudi. Sikuuamuru. Nikaupeleka tena, haukufika, nikauweka gotini.



Nikasema tumbo linaniuma. Katika nyumba ile! Uongo wote uliopo duniani, nikachagua huo. Nilipousema tu niliona macho ya wanaume wale yakinitoka mimi, yakaenda kwenye sinia, yakabaki huko. Mmoja alikuwa ameshamega. Akalirudisha tonge lake pale lilipotoka, akalisukuma kwa kidole likae. Sijawahi kuona kitu kichafu kama kile.

Duku akajifuta mikono ambayo haikuwa na kitu.

"Mutoto ya watu anaogopa," akasema kwa upole, akiuambia ukuta. "Mimi hapana sema kitu. Mimi nasema miaka mingi, mutu hapana sikia."

Pazia likatikisika. Keji akatoka, akabeba sinia, akaingia nalo. Enyasa ilikuwa nzima. Ilikuwa na alama za vidole vyangu, na lile kovu la tonge lililorudishwa.

Jumapili, 6 Julai

Barabara. Vumbi. Keji alikaa mbele na dereva, hakugeuka hata mara moja.

Wakati wa kuaga mama yake alinipa mfuko wa karanga. Za maganda, mbichi, kama zilivyotoka shambani. Nilifikiri ni zawadi tu. Tulipopita Maracha ndipo nikaelewa. Amenipa chakula ambacho hakuna mkono unaoweza kukitia kitu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nimekuja, mwenyeji ameugua. Najinukia vibaya.

Jumanne, 8 Julai

Kuna video. Mmoja wa majirani wale alikuwa akijifanya anasoma simu. Imeingia kwenye kundi la ukoo wa akina Keji, ikatoka huko ikaenda inakokwenda. Chini yake mtu ameandika: lisemwalo lipo. Methali ya watu wavivu. Wanaitupa mlangoni kwa mtu kama maji machafu, halafu wanaenda zao kulala.

Nimeitazama kama kazi, picha moja moja. Mkono unakwenda. Unagusa. Unarudi. Uso wangu. Mungu wangu, ule uso. Mtu yeyote asiyenijua angeapa kwamba nimeona kifo kwenye ugali. Ningeambiwa kutengeneza katuni ya mtu anayeogopa sumu, nisingeweza kuifanya vizuri hivyo.

Jana ilikuwa siku ya soko. Odi ya Mama Keji imerudi nyumbani vile vile ilivyokwenda. Mwanamke mmoja alirudisha hata aliyoichukua wiki iliyopita. Iliyobaki, alisema. Hakutaka hata pesa zake. Aliiweka tu mezani, akaondoka.

Jumatano, 9 Julai

Nimemwambia Keji. Ukweli wote, ofisini, baada ya wengine kutoka, maana bila skrini nisingeweza.

Kwanza alicheka. "Unaogopa ugali ya katuni?"

Nikamchezea vipande vyote vilivyoharibika. Kidole kinachochirizika. Kiganja kinachofyonzwa. Mdomo wa nyanya ulioshikana na tonge mpaka taya likaondoka nalo. Aliacha kucheka. Akafunika mdomo. Mwisho akasema zima, zima hiyo takataka.

Kwa hiyo ananiamini. Haisaidii kitu.

"Sasa hii nitamwambia nani?" aliuliza. "Nisimame sokoni Koboko niseme mukwe anaogopa kompyuta?"

Watacheka, alisema, halafu watasema hadithi imetungwa. Ni kweli. Jina lililoharibiwa kwa kutokula haliponi kwa maneno. Ni kula tu. Mbele ya watu wale wale, kutoka mkono ule ule.

Akaongeza, akiangalia mlango, kwamba kama siwezi niseme mapema. Hawezi kuolewa na mtu asiyeweza kula kwa mama yake. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo.  Mdomoni nilikuwa na karanga za mama yake, na mapajani maganda.

Ijumaa, 11 Julai

Nimepata.

Niliona aibu kuendelea kuiita kazi, basi nikaifanya kama kisasi. Nimevitenga vidonge. Vya mkono peke yake, vya Bonge peke yake. Hesabu mbili, ngozi mbili. Hiyo haitoshi, kwa sababu sasa mkono unapita ndani ya ugali kama mzimu na ugali hauna habari. Kwa hiyo pale zinapoingiliana, Bonge nampunguzia nguvu sawa na ile ya mkono. Anabonyea kiasi kile mkono ulichoingia, hapiti hapo. Mpaka unakaa pale nguvu mbili zinapolingana. Ngozi mbili zinagusana kabisa, hakuna nafasi hata ya unywele, na hazichanganyiki.

Bado ilikuwa na uongo fulani. Ugali uliosukumwa ulikuwa unatoweka tu. Ugali hautoweki. Lazima uende mahali. Nikamwongezea uvimbe mdogo kuzunguka kidole, unaofifia kadiri unavyokwenda mbali. Nikaichezesha. Nyanya akabonyeza, Bonge akabonyea, ukingo ukapanda kidogo kandokando ya vidole. Mkono ukatoka mzima. Alama ikabaki.

Nilikaa nikiutazama ule ukingo. Ndio ule wa Koboko. Ndio ulionikimbiza. Haukuwa unanimeza. Ulikuwa unanipisha.

Nikaenda mbio kwa mama wa chakula, nikaagiza, nikamega, nikatia mdomoni. Nikatema. Akili imeelewa. Koo halisomi hesabu.

Jumatatu, 14 Julai

Keji amepika kwake, mara ya kwanza tangu tuliporudi. Tonge la kwanza nimelitemea kiganjani. La pili lilifika kooni likageuza. La tatu nimelimeza zima kama dawa, machozi yananitoka. Alinitazama kama anavyowatazama watoto wake wa chekechea wanaojikojolea. Hakunigombeza, hakunisifu. Akaosha sahani.

Acidri ameona kazi mpya. Ni kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya maishani. "Haichekeshi," amesema. Alikuwa anakoroga chai kwa kalamu yangu. Ameshapeleka ile ya zamani Omugo ijaribiwe.

Alhamisi, 17 Julai

Habari zimerudi kutoka Omugo. Watoto walitazama vizuri mpaka mkono wa nyanya ulipozama. Hawakucheka. Wadogo waliingiza mikono kwapani. Mchana ulipoletwa ugali hawakuushika, na mmoja alimlilia mama yake apewe kijiko. Kina mama wamekasirika. Katuni ya kunawa mikono imewafundisha watoto kuogopa chakula. Acidri amepiga meza. Tumia mpya, amesema, kana kwamba mimi ndiye niliyeituma ile.

Ilikuwa siku yangu ya kufurahi. Sikufurahi. Mikono ile kwapani haijanitoka. Nilikuwa nikidhani kinyaa hiki ni ugonjwa wangu mwenyewe, kumbe nilikuwa nakipika kila siku na kukipakua.

Keji ametuma neno kwao. Jumamosi mama yake atapika tena, na waitwe wale wale.

Jumamosi, 19 Julai

Koboko tena. Chumba kile kile cha wageni.

Walikuja wote. Hakuna anayekosa mazishi ya jina la mtu. Duku na shati lake jeupe. Yule mwenye simu alikuja nayo mkononi, safari hii hakujisumbua hata kujificha. Wengine walisimama mlangoni, wasingeingia, wasingeondoka. Mkeka ule ule. Nilikuwa na jasho mpaka nyuma ya magoti.

Nilikuwa nimejipanga. Nisiangalie. Nimege haraka, nitowee, nimeze. Nikaomba Mungu, mimi ambaye simwombi.

Pazia likafunguka na badala ya mikono akatoka Mama Keji mzima. Na sinia. Wanaume wakainamisha macho, hata Duku. Hakuwa na haki ya kuwa pale, na hakuna aliyemwambia, kwa sababu wote walijua amekuja kufanya nini. Akaliweka sinia chini. Akapiga magoti upande wa pili, mbele yangu, uso chini. Keji akaja na jagi, akammiminia, akanawa.

"Mimi nakula kwanza," akasema. "Watu waone."

Huku anayeonja kwanza mbele ya wageni ni yule anayetuhumiwa. Hakuna aliyemtaka afanye hivyo. Hakuna aliyehitaji kumtaka. Alimega pande la mbele, akalifinyanga, akalitoboa kwa kidole gumba, akachota bamia, akatia mdomoni. Akatafuna polepole watu wamwone anatafuna. Akameza. Kisha akafungua mdomo, akaugeuza huku na huku, mwenye simu aone hauna kitu.

Mama wa watu. Mjane. Anakaguliwa mdomo sebuleni kwake kama ng'ombe wa mnada, kwa sababu mimi nilitazama katuni.

Kinyaa nilichokipata pale sikijui jina. Bonge hajawahi kunipa kama kile. Nilikiona kwenye shati la Duku, kwenye ile simu, kwenye shingo za mlangoni zilizonyooshwa. Zaidi ya yote nilikiona gotini kwangu, kwenye ule mkono uliojua kurudi nyuma.

"Mama, inatosha," nikasema. "Tafadhali. Inatosha."

Nikanawa, nikamega. Iliniunguza. Ikabonyea, ikapanda kandokando ya vidole, na nikauona ukingo ule na sikuujali. Nilitia mdomoni. Tumbo likaja juu. Nikalirudisha. Nikamega tena. Sitaandika ilikuwa tamu, ilikuwa kama kumeza ulimi wa mtu mwingine, kila tonge, mwanzo mpaka mwisho. Bamia ilivutika kutoka sinia mpaka kidevuni na nikaifuata kwa mdomo. Nilikula upande wangu, nikala upande wa jirani.  Yule mzee aliyeomba dua siku ile alinitazama kitambo, akavuta mkono wa shati, akamega. Kisha mwingine.

Nikamwambia Duku, kwa adabu zote, "Baba, karibu. Mimi hapana weza maliza peke yangu."

"Nimeshiba," akasema.

Yule mzee, mdomo umejaa, akamtazama. "Duku. We katika nyumba hii unashiba miaka mingapi?"

Mlangoni mtu alicheka, kicheko kifupi, kikaishia hapo. Mwenye simu aliishusha. Duku akaanza kutafuta viatu vyake. Nilipoinua macho Mama Keji hakuwepo, pazia limetulia.

Jumapili, 20 Julai

 Kwenye gari la kurudi nilikaa katikati ya Keji na mwanamke mmoja wa soko la Koboko, mnene, mchangamfu, aliyeiona video ya kwanza na alikuwa njiani kuipata ya pili. Alinipongeza. Aliniuliza bamia ilikuwaje. Wakati huo huo chakula chote kilikuwa kinapanda.

Nikitapika mbele yake yamekwisha. Mpaka jioni Koboko nzima ingejua sumu imenishika.

Kikafika mdomoni. Nikakimeza. Kikarudi, nikakimeza tena, huku natabasamu. Nikamwambia bamia ilikuwa nzuri sana. Keji alinishika kifundo cha mkono, akakibana kwa kucha njia nzima, Maracha na kuendelea. Kitu kichafu kuliko vyote nilivyowahi kufanya, na sijutii hata punje.

Tulishuka Arua. Yule mwanamke alipotea kwenye umati. Nikaenda nyuma ya ukuta, nikainama. Hakikutoka kitu. Kilikuwa kimeamua kukaa.

Alhamisi, 24 Julai

Dereva wa Koboko alipiga honi nje ya studio. Sufuria ndogo, imefungwa kwa kitambaa cha maua, fundo gumu. Nikamsubiri Keji. Alikuja mchana, tukakaa kwenye ngazi za nje.

Ana habari. Odi iliisha sokoni Jumatatu. Yule aliyeirudisha alikuja na bakuli lake kuchukua nyingine, na hakuomba radhi, alisema tu ile ya kwanza ilikuwa na chumvi nyingi. Wazee wako tayari kupokea posa. Duku amesema atakuwa safarini.

Tukafungua. Enyasa, imeshapoa. Imegeuzwa vizuri kutoka kwenye kibuyu, laini, duara. Isipokuwa upande mmoja palikuwa pamemegwa. Nilidhani ni dereva, nikaanza kumtukana.

"Si dereva," Keji alisema. Aliweka mikono mapajani.

Nikatazama vizuri. Alama za vidole vidogo, kucha fupi, na ya kidole gumba. Ukingo umepanda kidogo kandokando, umekauka hivyo. Alimega jikoni kwake, peke yake, hakuna wa kumwona. Akala. Ndipo akafunika, akafunga fundo.

Kwenye skrini ningebonyeza mara moja ikarudi duara. Hii haikurudi.  Bodaboda zilipita. Acidri alichungulia dirishani, akauliza kuna chakula.

Kinyaa bado kipo, pale pale tumboni. Keji akanimiminia maji. Nikanawa, nikaanzia pale mama alipomega.